Ujamaa na ubepari: upi ulimtendea haki mtu wa Pwani?

MwanaMajengo

Assalam aleikum wanabaraza. Mjadala wa ujamaa na ubepari umerudi tena maskani, na kila anayezungumza huanza na nchi ambayo hajawahi kuiona. Naomba hapa tulinganishe kwa yaliyotufika sisi. Kusini tuna jirani, Tanzania, aliyetangaza Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967, akataifisha mabenki na mashamba makubwa. Huku kwetu Kenya, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 uliitwa wa ujamaa wa Kiafrika, lakini ndani yake uliagiza fedha za maendeleo zielekezwe kule zitakakozaa zaidi: penye mvua, udongo mzuri na barabara. Bara la Kwale na Kilifi likangoja. Kwangu mimi huo ni ubepari uliovishwa kanzu ya ujamaa.

Nianze na ardhi, kwani ndiyo inayoniuma. Asiyekuwa mtu wa Mombasa huenda asijue kwamba hapa mtu hujenga nyumba juu ya ardhi isiyo yake. Ingia Majengo, utakuta nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Mwenyewe kairithi kwa babake, na bado kila mwezi apeleka kodi ya ardhi kwa mtu mwengine. Nyumba anayo, hati hana. Benki haimkopeshi kwa sababu hana cha kuweka rehani. Akitaka kupandisha ghorofa, ni mpaka mwenye ardhi akubali. Na ardhi ikiuzwa, mnunuzi hutaka kiwanja kitupu.

Mzizi wake ni sheria ya hatimiliki ya 1908. Mwingereza aliwataka watu walete madai yao, waliojua mambo ya makaratasi wakapata hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Wamijikenda wengi walitoka mikono mitupu. Soko leo linaitambua hati, halimuulizi mtu kazikwa babu yake wapi. Unguja na Pemba, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilitwaa ardhi na kuwagawia wasiokuwa nayo eka tatu tatu. Hapo nasema ujamaa ulishinda. Mwenye hoja ya kupinga na aje.

BintiKibokoni

Nipo, ndugu yangu. Upande wa mama sisi ni watu wa Pemba, na wazee wetu hawakuhamia Mombasa kwa kutalii.

Eka tatu walipewa kweli. Lakini ardhi yenyewe ilibaki ya serikali, ikitaka huichukua. Na juu ya ardhi hiyo pana mkarafuu. Karafuu unapanda juu kuichuma, unaileta chini, familia nzima inakaa usiku kuichambua kutoka kwenye vikonyo, kisha unaianika kwa siku kadhaa na kuikimbiza ndani kila wingu likitanda. Baada ya kazi yote hiyo mnunuzi ni mmoja tu, serikali, na bei aliyomlipa mkulima ilikuwa sehemu ndogo ya ile aliyouzia nje. Ndiyo maana karafuu zikavushwa usiku kwa mashua kuja pwani ya Kenya, na waliokamatwa waliadhibiwa vikali. Ongeza foleni za mchele na sukari za mwanzo wa miaka ya 1970, Mzee Karume alipoamua visiwa vijitegemee kwa chakula. Mtu aliyekaa juu ya utajiri wa karafuu alipanga foleni kwa kibaba cha mchele.

Kwa hivyo usiniambie ulishinda. Uliwapa watu mti, ukawanyima bei.

MtangaWaMwembeTayari

Dada umesema. Nami niongeze la Tanga, maana nimezaliwa katikati ya mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna nchi duniani iliyotushinda. Mashamba mengi yakataifishwa 1967. Kufika mwisho wa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000.

Wapo wanaosema ni kamba za nailoni na za plastiki ndizo zilizoua bei. Ni kweli ziliipiga. Lakini mkonge wa Kenya ulipigwa na nailoni hiyo hiyo na haukuporomoka kwa kiasi kile. Ukitoka Mombasa kwenda Malindi, pale Vipingo mashamba bado yamesimama. Meneja anayelipwa sawa, shamba listawi au lisistawi, hana kinachomkosesha usingizi.

Sisemi Mwalimu hakufanya la maana. Mamangu alijua kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la kisomo chini ya mwembe, bila kutoa senti. Hilo sitalisahau.

KibaruaKilindini

Nawasoma tu, naona wote mnazungumzia mashamba. Njooni bandarini.

Bandari hii iliendeshwa kwa vibarua wa siku. Asubuhi unasimama getini, ukichaguliwa unakula, usipochaguliwa unarudi nyumbani. Ubepari ukiachiwa peke yake unaipenda sana hali hiyo, kwa sababu wakati wote kuna mwengine nyuma yako anayeitaka nafasi. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji huu walisimamisha kazi zote, bandari, reli, hoteli hadi nyumba za wazungu, kwa siku 12. Walikutana kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa baadaye mwaka huo akapelekwa kuzuiliwa mbali, lakini mishahara ilipanda. Bwana Mtanga, nyongeza ile haikuletwa na soko, wala na serikali. Ilidaiwa.

Na msidhani serikali ikimiliki kitu basi mnyonge kapona. Bandari ni ya umma, reli mpya iliyofunguliwa 2017 ni ya umma. Ilipotolewa amri makontena yapande reli moja kwa moja hadi Nairobi, ili mkopo wa Uchina ulipike, madereva wa trela, makanika, wenye bohari na mama lishe wa Changamwe hadi Mariakani walikosa riziki. Tuliandamana miaka. Amri ikaondolewa Septemba 2022, baada ya uchaguzi.

MamaLikoni

Watoto wangu, mimi ni wa maneno machache. Kila siku navuka feri. Matajiri na maskini tunasimama pamoja, na anayevuka kwa miguu halipi kitu, magari ndiyo hulipa. Nikishuka ng'ambo napanda matatu ya mtu binafsi. Mvua ikinyesha, nauli inapanda pale pale nikiwa na mguu mlangoni, na makanga haoni haya. Fanyeni hesabu: feri ingekuwa ya mwenye matatu, mfanyakazi wa nyumbani anayetoka Likoni kwenda Nyali angebakiwa na nini? Kuna vitu havifai kutiwa kwenye biashara.

MtangaWaMwembeTayari

Mama, shikamoo. Nakubali kuhusu nauli. Ila tukumbuke Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994. Watu 272 walikufa maji katika feri ya shirika la umma iliyojaza kupita kiasi. Bure isiyokuwa na usalama nayo ina gharama yake.

MamaLikoni

Marahaba mwanangu. Siku hiyo naijua, tulizika. Ndiyo nataka feri bora. Sitaki feri ya kulipia.

MkoroshoKilifi

Kwetu tumezionja zote mbili, tena kwa zao moja. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilijengwa miaka ya 1970 kwa fedha za serikali. Miaka ya 1990 serikali ikauza hisa zake, na kabla muongo huo haujaisha kiwanda kikafungwa. Leo dalali huja mpaka uani kwa pikipiki, na mizani ni yake. Anapima yeye, anataja bei yeye, na anajua karo ya mtoto ni wiki ijayo. Mkulima hana ghala, hana kiwanda, hana mnunuzi wa pili kijijini. Soko huria la watu gani hili?

BintiKibokoni

Mkorosho, umenigusa. Hiyo ndiyo hadithi ya karafuu. Kule mnunuzi mmoja alikuwa serikali, huku ni dalali, na mkulima hawezi kumwambia "siuzi" yeyote kati yao. Nilikuja hapa kuutetea ubepari na bado nautetea kwa jambo moja: mwenye mali awe na pa kwenda akikataa bei. Ubepari uliomfunga kwa dalali mmoja siutetei.

MwanaMajengo

Nimekubali hoja ya bei, Bi Kibokoni. Lakini kwenye ardhi sisogei, na nina mfano wa karibu. Voi kuna mtaa unaitwa Tanzania-Bondeni. Miaka ya 1990 wakazi walikuwa maskwota kama wengine. Badala ya kugawa hati moja moja, ardhi ikawekwa mikononi mwa jamii yote kwa pamoja, kila mtu na nyumba yake. Ukihama unauza nyumba, ardhi inabaki. Tajiri hawezi kupita na mkoba wa pesa akanunua viwanja kumi. Nauliza kwa nini Majengo isifanywe hivyo.

MkoroshoKilifi

Mali ya pamoja yataka kamati safi. Vyama vyetu vya ushirika vililiwa na viongozi wenyewe, sio na mabepari.

KibaruaKilindini

Na benki? Umeanza kwa kulalamika kwamba mwenye nyumba hakopesheki kwa kukosa hati. Ardhi ikiwa ya wote, nani ataweka rehani?

MwanaMajengo

Hakuna, na ndivyo nitakavyo. Ardhi isiyowekwa rehani haipigwi mnada. Kwa mkopo wa kujengea kuna sacco: wanachama wadhaminiane kwa akiba zao, kama makuli na walimu wanavyokopeshana leo. Kuhusu kamati, Mkorosho yuko sawa. Mimi ningeanza na mtaa mmoja, nyumba zisizozidi hamsini, hesabu zibandikwe mlangoni mwa msikiti na kanisani kila mwezi. Anayejua wakili aliyewahi kuandika katiba ya namna hiyo aniandikie.