Roy Krishna wa Fiji alianza kulipwa kabisa na miaka 26, mudogo yangu wa 20 njo banasema alishachelewa?

Yaya_wa_Katuba

Jambo yenu bote. Niko Lubumbashi, Katuba, niko na mudogo yangu wa miaka 20 anachezaka mbele, iko mbio na goli anajua kufunga, lakini ekipe yake ni ya mtaa tu, banacheza pa uwanja ya vumbi na hakuna muntu wa maana anakujaka kuangalia. Bakubwa ya mtaa banamuambia kila siku, ukipitisha 18 haujaingia akademi ya Mazembe, ekipe kubwa ya hapa, na haujaenda Poto, Ulaya, basi kwisha, tafuta kazi ku mine. Sasa mwenyewe ameanza kuamini, mazoezi anaenda leo, kesho analala.

Rafiki yangu moja akanitajia huyu Krishna wa Fiji, eti alitoka kisiwa kidogo sana na akakuwa mfungaji bora wa ligi ya Australia. Ni kweli? Alipitia wapi? Na kwetu hapa kuna njia kama ile? Naomba bale banajua bajibu, nataka nimuonyeshe kintu ya kweli.

Kunguru243

Yaya, ni kweli, na huyu muntu namfuata tangu zamani. Sisi ba Mazembe jina ya Auckland City haiwezi kutoka mu kichwa, Desemba 2009 kule Abu Dhabi balitupiga 3-2 mu mechi ya nafasi ya tano, Kombe ya Dunia ya Klabu. Mwaka uliofuata tukafika fainali na Inter na bantu bote bakasahau ile 3-2, lakini mi nilibakia na hamu ya kujua ile mipira ya Oceania inachezwaka namna gani, njo nikamkuta Krishna.

Alizaliwa 1987 ku Labasa, mji ya miwa na kiwanda ya sukari, mu kisiwa cha Vanua Levu. Fiji nchi muzima iko na bantu kama 900 000, Lubumbashi peke yake inaipita zaidi ya mara mbili. Tena kule mpira ya miguu si mfalme, mfalme ni raga. Mutoto iko na mbio na nguvu banamuvuta ku raga, yeye akabakia ku mpira.

2008 akavuka kwenda New Zealand, ekipe Waitakere United, ligi ya nusu kulipwa. Mwaka uleule Fiji ikapiga New Zealand 2-0 pale Lautoka mu mechi za kutafuta Kombe ya Dunia, goli zote mbili zake. Ungefikiri kesho yake banamupigia simu toka Uingereza, kumbe hapana, alibakia mu ile ligi ya nusu kulipwa miaka mingine mingi, anafunga tu. 2013 akaingia Auckland City, Desemba balienda Morocco ku Kombe ya Klabu, bakakutana na Raja Casablanca mbele ya uwanja imejaa Bamoroko, Krishna akasawazisha kipindi cha pili, Raja bakapata ya pili dakika za nyongeza. Na ile Raja ilienda mpaka fainali na Bayern, donki haikuwa ekipe ya mchezo.

Ni nyuma ya pale njo Wellington Phoenix bakamuchukua, ekipe ya New Zealand inayocheza mu ligi ya Australia. Miaka 26. Mwambie mudogo yako ile namba.

Mujomba_Likasi

Naheshimu kazi ya huyo kijana ila tusidanganye batoto. Michezo ya Olimpiki ya Rio 2016 Fiji ilipigwa 8-0 na Korea Kusini, 5-1 na Mexico, 10-0 na Ujerumani. Goli 23 mechi tatu. Kama njo kiwango ya kwao, kuwa mkubwa pale si kazi ngumu. Na ligi ya Australia si Ulaya. Ukitaka mutu wa Pasifiki kweli kuna Karembeu, alitoka kisiwa cha Lifou akachukua Kombe ya Dunia 1998.

Kunguru243

Mujomba, Karembeu ni mkubwa, hapo hakuna ubishi, lakini Nouvelle-Calédonie iko chini ya Ufaransa, mlango ya Nantes ilikuwa wazi kwake akingali kijana, pasipoti ya Kifaransa tayari. Krishna hakuwa na ile mlango.

Na hiyo Rio unasoma matokeo tu, angalia mechi yenyewe ya Mexico. Mexico balikuwa njo mabingwa ya Olimpiki, balichukua dhahabu London 2012. Dakika ya kumi mpira ukaingia mu boksi, Krishna akaruka, kichwa, goli. Fiji iko mbele! Na bakaishikilia mpaka mapumziko, batoto batoka ligi ya kisiwa banatembea kwenda chumba cha kubadilisha banaongoza mabingwa 1-0. Kipindi cha pili miguu ikakata, bakafungwa tano. Ile goli ni moja tu Fiji ilipata mu mashindano yote, na ilikuwa mara ya kwanza mpira yao kufika Olimpiki. Mi naiona kubwa kuliko hizo 23, samahani. (Mu Rio ileile raga yao bakachukua dhahabu, medali ya kwanza ya Olimpiki mu historia ya nchi, donki unaelewa mpira ya miguu inakaaka mu kivuli gani.)

Sasa ligi ya Australia. Msimu wa 2018-19 Krishna alifunga 18, mfungaji bora, na bakamupa medali ya Johnny Warren, ile ya mchezaji bora wa ligi muzima. Miaka 31. Aliwapita Baaustralia na bale bageni batoka Ulaya. Mbele pale alikuwa na David Williams, mmoja anavuta mabeki, mwingine anakimbilia mgongo yao, na bote bawili balienda pamoja India, ku ATK ya Kolkata. Msimu ya kwanza goli 15 na ubingwa, ya pili goli 14 na fainali. Kisha Bengaluru, kisha Odisha.

India yenyewe kwake ilikuwa na uzito, juu babu za Bafiji wengi wenye majina ya Kihindi balichukuliwa kule na Baingereza kati ya 1879 na 1916 kwenda kukata miwa. Yeye akarudi ile njia na viatu vya mpira.

Mkongo_wa_Dar

Nasoma hapa nawaza Mayele. Fiston Mayele alifika Yanga 2021 akiwa na miaka 27. Ishirini na saba! Hapa Dar kila mtoto akaanza kutetema kama yeye akifunga. Akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2022-23, Pyramids wa Misri wakamchukua, na 2025 akawafungia kwenye fainali wakabeba Ligi ya Mabingwa. Ulaya hajacheza. Nani atasema alichelewa? Krishna jirani yake alikuwa New Zealand, sisi jirani zetu ni Tanzania na Zambia, na huku mshahara unalipwa vizuri tu ukiwa unafunga.

Mama_Ruashi

Mi ni mama, mwana yangu pia anachezaka. Yaya wa Katuba, nakuomba kitu kimoja, usitoe dola kwa muntu anasema iko na teste, majaribio ya ekipe, Ulaya. Kwetu alikuja mmoja, kiatu safi, simu mbili, anaonyesha picha iko na bachezaji, akasema visa iko karibu, tukauza friji na cherehani yangu, kisha simu zote mbili zikazimika. Mwana yangu alikaa miezi bila kugusa mpira, kwa haya, si kwa kukosa uwezo. Ajenti wa kweli anakulaka ku kontra ya mchezaji, hakuombi pesa ya njia mbele.

Na mtoto asiachwe peke yake na bakubwa ya mtaa bale. Uende naye pa uwanja, ukae pale anakuona.

Mujomba_Likasi

Mama Ruashi pole sana, hiyo imenigusa. Kwa Mayele nakubali. Na Krishna nimeenda kuangalia ile kichwa ya Mexico sasa hivi, ni goli safi.

Yaya_wa_Katuba

Aksanti sana bote, Mama Ruashi pole sana. Nimemusomea mudogo mpaka pale pa miaka 26, akaniomba nirudilie. Sasa swali ya mwisho, tukifikiria Zambia, mpaka ya Kasumbalesa iko hapa karibu tu, tunaanzia wapi? Kupanda gari na kwenda kuomba teste?

Kunguru243

Anzia ku leseni. Uliza ekipe yake kama balimuandikisha kweli ku Entente, chama ya mpira ya mji, wengi banachezaka miaka na jina yao haiko mu karatasi yoyote. Mutu akivuka mpaka kucheza, federasyo ya kule inaomba cheti cha uhamisho ku federasyo ya huku, na jina na tarehe ya kuzaliwa ku leseni zikipishana na pasipoti unakwama pale pale. Tena ekipe ya mtaa iko na faida kumuandikisha, juu akisaini kontra ya kwanza ya kulipwa ku nchi ingine mbele ya kumaliza 23, bale balimulea bako na haki ya kulipwa fidia ya malezi, ni sheria ya FIFA. Baambie hiyo, utaona banakimbia kutafuta karatasi.

Kisha umupige video. Si ya vyenga, mechi muzima, dakika 90, simu ikae juu ya ukuta upande ya katikati. Anachezaka namba tisa ama pembeni?

Yaya_wa_Katuba

Tisa. Mechi ni Jumapili, nitaipiga.