Mjadala: Mfanyakazi anayeitwa kujieleza aruhusiwe kuja na mtu wa nje?

Mwanzilishi wa mada, karani wa stoo, Nairobi

Ninaleta swali moja, na ninaomba tulijadili hilo hilo bila kuhamia kwenye nyongeza za mishahara. Mfanyakazi anapoitwa mbele ya mwajiri wake kujibu tuhuma zinazoweza kumpotezea kazi, je, sheria imruhusu kuingia na mtu asiyelipwa na mwajiri huyo, awe ni afisa wa chama cha wafanyakazi, wakili, au hata jirani anayejua kusoma barua vizuri? Mimi ninasema imruhusu, ingawa ninajua wako waajiri wengi, na hata mawakili kadhaa, wasioafikiana nami.

Kwa sasa mambo yako hivi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kabla hajamwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, naye mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake, au mwakilishi wa chama mahali pa kazi, atakayemchagua mwenyewe. Mwajiri anapaswa kuwasikiliza wote wawili ndipo aamue, na hata anayetuhumiwa kwa kosa kubwa la kufutwa papo hapo hakosi haki hiyo. Kifungu kinapendeza kukisoma. Kasoro ninayoiona ni kwamba, pale pasipo na chama, anayeruhusiwa kusimama nawe ni mtu ambaye mshahara wake unatiwa sahihi na yule yule anayekuhukumu.

Nimewahi kuwa mtu huyo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya usambazaji kwenye Eneo la Viwandani. Utingo wa lori letu mojawapo alituhumiwa kupoteza katoni 12 za mafuta ya kupikia. Barua ya kumtaka ajieleze alikabidhiwa Alhamisi saa kumi jioni, na kikao kikawekwa Ijumaa saa mbili asubuhi. Ilikuwa ya kurasa mbili, kwa Kiingereza, nami ndiye niliyemsomea tukiwa tumesimama nyuma ya lori, kwa sababu Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya bidhaa. Aliponichagua niingie naye nilijua sababu yake: stoo kwangu mlikuwa na kitabu cha hati za kukabidhi mzigo, na nakala ya waridi ya siku ile ilionyesha kwamba katoni zilizopakiwa zilikuwa 188, wala si 200 kama ilivyodaiwa.

Kikao hakikufika robo saa. Meneja alisoma tuhuma zote kwa Kiingereza, akazifupisha kwa sentensi moja ya Kiswahili, kisha akanigeukia na kuniuliza kama nina la kuongeza. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita, na ulikuwa umebakiza wiki tatu. Nikasema sina. Nikatia sahihi penye neno shahidi, utingo akalipwa siku alizofanya kazi, akaondoka. Mkataba wangu uliongezwa.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba mlango huu umefungwa mahali ambapo ungefaa kuwa wazi. Kesi ikifika katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, sheria ya mahakama hiyo ya mwaka 2011 inamruhusu mtu ajisimamie mwenyewe, awakilishwe na wakili, au na afisa wa chama chake. Yaani unapata wa kukusemea baada ya kazi kupotea, wala si siku ile ambayo kazi ingeweza kuokolewa.

Meneja wa wafanyakazi, Eneo la Viwandani

Ndugu karani, nimekusoma kwa makini, na ninakubali kwamba kikao ulichokieleza kilikuwa kibaya. Hata hivyo, sioni vipi kikao kibaya kinatibiwa kwa kuleta watu wengi zaidi chumbani. Nimeendesha vikao hivi kwa miaka mingi. Mtu anapokuja na mwenzake, mazungumzo hubaki ya kikazi: tunaulizana nani alikuwa zamu, mashine ilizimwa saa ngapi, fulani alimpa nani funguo. Siku niliyowahi kuruhusu wakili aingie, asubuhi nzima iliishia kwenye hoja ya kama barua ya mwito ilitaja kifungu sahihi cha kanuni zetu, na mfanyakazi mwenyewe hakufungua kinywa.

Waajiri nao wana malalamiko yao. Unaweza kuwa na sababu halali kabisa ya kumfuta mtu, ushahidi ukiwa mezani, lakini ukikosea utaratibu, mahakama itasema umemfuta isivyo haki, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Mwenye gereji ya watu sita hana idara ya sheria. Ukimwambia kwamba fundi wake anaweza kuja na wakili, atafanya mojawapo ya mambo mawili: ataajiri vibarua tupu ili asije akahitaji kikao, au atamlipa mtu notisi amwage kimyakimya. Sidhani hilo ndilo unalolitaka.

Mfanyakazi wa nyumbani, Kileleshwa

Ninaomba kuuliza kwa heshima. Mimi ninafanya kazi katika nyumba ya watu, na mfanyakazi ni mimi peke yangu. Sheria inaponiambia nije na mfanyakazi mwenzangu, mwenzangu huyo ni nani? Mbwa? Mama mwenye nyumba ndiye aliyesema pete imepotea, ndiye aliyenisikiliza, ndiye aliyeamua, na yote yalifanyika jikoni huku nikisugua sufuria. Chama cha wafanyakazi wa nyumbani na hoteli kipo, nami nilijiunga baadaye, lakini mwakilishi wa chama mahali pa kazi hawezi kuwepo mahali ambapo mahali pa kazi ni jiko la mtu mmoja.

Wakili, Upper Hill

Dada wa Kileleshwa amegusa pengo ambalo sina jibu lake, na waliotunga kifungu hicho walikuwa wakiwazia kiwanda.

Kwa ndugu karani, ninaomba kusahihisha jambo moja. Kifungu cha 41 hakimkatazi mtu wa nje, hakimtaji tu. Mwajiri anaweza kumruhusu kwa hiari, na kanuni za kampuni au mkataba wa pamoja na chama vinaweza kulifanya jambo hilo kuwa haki. Kwa watumishi wa umma, wapo wanaotegemea pia Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015, inayotaja kuwakilishwa na wakili pale inapofaa. Tena kusikilizwa hakumaanishi kila mara kuketi ana kwa ana: Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2010, katika kesi iliyoihusu Mamlaka ya Ushuru, kwamba kusikilizwa kunaweza pia kuwa kwa maandishi, kulingana na mazingira.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye tiba. Utingo wako hakuhitaji mtu. Alihitaji ile nakala ya waridi, na alihitaji siku tano za kuitafuta. Wateja wanaonijia hufika mikono mitupu: hawana barua, hawana kumbukumbu za kikao, na hati za mshahara zilibaki katika simu ya kazini iliyorudishwa. Ningekuwa mbunge, ningeongeza mstari mmoja unaosema kwamba mfanyakazi apewe nyaraka zote zitakazotumiwa dhidi yake, siku kadhaa kabla ya kikao. Hilo halimgharimu mwenye gereji chochote.

Kwa kuwa wengine wanasoma wakiwa na barua mkononi leo, nitaongeza haya. Omba nyaraka na muda zaidi kwa maandishi, ubaki na nakala. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, andika kwamba unataka maelezo kwa Kiswahili, kwa sababu neno lugha anayoielewa limo katika sheria na halikuwekwa kama pambo. Usitie sahihi hati inayosema huna madai mengine kwa kuwa tu hundi iko juu yake. Mahakama ya Rufaa imeshikilia kwamba makubaliano ya aina hiyo yakitiwa sahihi kwa hiari yanakufunga, isipokuwa uthibitishe udanganyifu, shinikizo au kasoro nyingine ya namna hiyo. Malalamiko kwa afisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi mitatu tangu kufutwa. Kesi yenyewe ina miaka mitatu, na siku hizo hazisimami kwa sababu umepiga ripoti leba na unangoja kuitwa. Aliyekuwa akipata mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kufungua kesi mbele ya mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo, bila kungoja foleni ya majaji.

Mwakilishi wa chama kiwandani, Baba Dogo

Wakili amesema vyema kuhusu karatasi, lakini mimi ninarudi kwenye woga, maana karatasi ya ndugu karani ilikuwepo chumba cha pili na bado haikusema. Nimeingia katika vikao vya aina hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ninazungumza kwa sababu nina chama mgongoni. Mwajiri wetu analazimika kukitambua kwa kuwa kimeandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili. Ng'ambo ya barabara kuna kiwanda kisicho na chama, na watu wake wakiitwa kikaoni huja kunisalimia getini, nisiweze kuvuka.

Pendekezo langu ni dogo kuliko la mwanzilishi. Kifungu cha 46 kinaorodhesha mambo ambayo mwajiri hawezi kuyafanya sababu ya kumfuta mtu: ujauzito, kwenda likizo, uanachama wa chama, kumshtaki mwajiri, kushiriki mgomo halali na mengineyo. Anayemsindikiza mwenzake kikaoni hamo katika orodha hiyo. Aingizwe. Uingereza, sheria yao ya mwaka 1999 inamlinda msindikizaji waziwazi, na pia inamruhusu mfanyakazi aje na afisa wa chama hata kama mwajiri hajakitambua chama hicho. Sisi tungeweza kuanza na nusu ya kwanza.

Meneja wa wafanyakazi, Eneo la Viwandani

Kulindwa kwa msindikizaji ninakubali bila masharti, na nyaraka kutolewa mapema pia ninakubali. Sisi huzitoa siku mbili kabla. Mtu wa nje bado ninamkataa, isipokuwa kwa huyu dada wa Kileleshwa, ambaye hoja yake imenishinda.

Mwanzilishi wa mada

Ninawashukuru nyote, na ninajibu kwa mpangilio ninaouona una uzito.

Bwana meneja, kama hoja ya dada imekushinda, basi imekushinda pia kwa bawabu anayelinda lango peke yake usiku kucha, kwa karani wa duka la watu wawili ambaye huyo wa pili ndiye mwenye duka, na kwa kila mtu mwenye wenzake ambao hawawezi kusema. Tofauti ya kutokuwa na mwenzako na kuwa na mwenzako aliyefungwa mdomo ni ndogo mno. Wakili aliyekupotezea asubuhi anaweza kuwekewa mipaka: anyamaze wakati maelezo yanatolewa, aseme mwishoni, asiahirishe zaidi ya mara moja. Hayo ni mambo ya kanuni.

Ndugu wa Baba Dogo, nyongeza yako katika kifungu cha 46 ningeiunga mkono kesho asubuhi, lakini isingenisaidia mimi. Hakuna ambaye angenifuta. Mkataba wangu ungefika tarehe yake ukaisha, na mahakama zetu kwa kawaida husema kwamba mkataba wa muda maalumu ukiisha umeisha, na mtu hana haki ya kutarajia mwingine. Mwajiri asingehitaji kutoa sababu yoyote. Wengi kati yetu tunaoishi kwa mikataba ya miezi sita au mwaka hatuhitaji kutishwa, kalenda inatosha. Ndiyo maana ninang'ang'ania mtu ambaye kalenda ya mwajiri haimhusu.

Na wakili, umeuliza kwa upole, bila kuuliza, ile nakala ya waridi iliishia wapi. Niliipiga picha wiki ile ile, kisha nikakaa nayo. Utingo alikuwa amekwenda leba mwezi uliofuata, akaambiwa mwajiri ataitwa, akawa anapita pale kila akipata nauli. Mimi niliondoka katika kampuni ile baadaye sana, na siku nilipoacha kazi nilimtafuta mtaani kwake Mukuru nikampa picha hiyo, tukaenda nayo kwa mwanasheria mmoja wa msaada wa bure. Mwanasheria aliitazama kwa muda, akasema ni ushahidi mzuri, kisha akauliza tarehe ya barua ya kufutwa. Tulihesabu pamoja kwa vidole, mara mbili. Ilikuwa miaka mitatu na miezi miwili.