Madalali wa nyota za Play Store hapa Mbeya, mnatuulia gemu zetu!

Wakuu, nimechoka kunyamaza. Matangazo ya "nakupandishia gemu yako Play Store, nyota 5, bei maelewano" yamejaa kwenye magrupu ya vijana wa Mbeya na Iringa, na kila anayeuliza anaelekezwa kwa jamaa yuleyule. Jina lake silitaji. Alichotufanyia nakitaja.

Tuko vijana watatu, Soweto hapa mjini. Gemu yetu ni ya semi, yale malori ya tela: unatoka Ruaha Mbuyuni na mzigo, unapanda Kitonga, unapita Mafinga na Makambako, unaingia Uyole, halafu unashuka Iwambi breki zikichemka, mpaka Tunduma. Madereva wa Mbalizi waliijaribu wakatuambia gia zetu za mteremkoni ni za uongo, hakuna semi inayoshuka hivyo. Tukazifumua, tukazijenga upya. Wale ndio waliotupa nyota za kwanza, na kila moja ilitoka kwa mtu aliyeshika simu akacheza.

Jamaa tulimlipa laki tatu na nusu atutafutie wachezaji. Wachezaji! Iko kwenye meseji zake mwenyewe: vyuoni, stendi, vijiwe vya bodaboda. Alicholeta ni rundo la akaunti hewa za nje ya nchi zilizomwaga nyota 5 usiku mmoja. Mojawapo imesifu eti programu imeisaidia kuhariri picha. Kwenye gemu ya lori!

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Tangu Novemba 2021 Google inaonyesha wastani wa nyota kwa nchi ya mtumiaji. Kijana wa Makambako akifungua ukurasa wetu anaona nyota za Watanzania. Zile za akaunti za ng'ambo kwake hazipo kabisa. Kwa hiyo hata zisingefutwa zisingetusaidia kitu kwa watu tuliowatengenezea gemu. Na zimefutwa, karibu zote. Sera iko wazi: kununua nyota, kubadilishana nyota, kumpa mtu zawadi ili aweke nyota, vyote ni marufuku, na gemu inaweza kuondolewa dukani moja kwa moja. Onyo limekuja kwenye akaunti yetu. Yeye yuko Mwanjelwa anatafuta mwingine.

Na nyie wa "nipe nyota nikupe nyota" msijifiche nyuma yake. Ni mchezo uleule, tofauti nyie hamlipani.

Kuna anayesema bila kununua huonekani. Si kweli, na uongo huu ndio unaowalisha. Google ina mstari wake: gemu ikiwazimikia wachezaji zaidi ya 1.09% kwa siku, inapunguziwa kuonekana. Ikifika 8% kwenye aina moja ya simu, inafichwa zaidi kwa wenye simu hiyo. Angalieni simu zilizopo mikononi mwa watu huku: Tecno na itel za RAM ndogo, hifadhi imejaa picha na video. Gemu ikijizima humo, nyota elfu za bandia hazikuokoi. Mchezaji mmoja alitupa nyota 2 kwa sababu inaganda katikati ya Kitonga. Tulimjibu (mwisho wa jibu ni herufi 350, basi tuliandika kwa kubana), tukapunguza uzito wa miti na ukungu, tukamwomba ajaribu tena. Alirudi mwenyewe akaweka 5. Tena tangu Agosti 2019 wastani unayapa uzito zaidi maoni ya karibuni, kwa hiyo nyota kama ile ina nguvu kuliko mnavyofikiri.

Kinachonitia uchungu zaidi ni wadogo zetu wanaoanza. Akaunti binafsi mpya ya mtengeneza gemu lazima iwe na wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo kabla gemu haijatoka. Walikuwa 20 mwaka 2023, wakapunguzwa Desemba 2024. Hata wajaribuji hao, madalali wanawauza! Dogo wa chuo analipia watu wasiofungua gemu hata mara moja, wakati darasani kwake kuna wenye simu zaidi ya 12. Atakuja kujua gemu yake inaganda siku imeshatoka kwa umma, na nyota 1 zimeshaanza kumwagika.

Maadmini wa magrupu, futeni hayo matangazo. Mnayaona kila siku.

Na wewe jamaa, najua unausoma uzi huu maana tuko wote kwenye grupu moja. Laki tatu na nusu irudi kwenye namba ileile iliyokutumia. Pamoja nayo tuma orodha ya akaunti ulizotumia, tunaihitaji kwenye rufaa ya lile onyo la Google.