Yule jamaa wa boti na kingazi chake cha kukunja: leo kanifanya daraja mbele ya wakwe!

Kinyonga wa Tegeta (mleta mada)

Wakuu, naandika nikiwa nimelowa. Sijaoga, sijabadili nguo, kiatu kimoja kipo baharini kinaelekea Zanzibar bila tiketi. Nimesema niandike kabla hasira hazijapoa, maana zikipoa nitaanza kumwonea huruma, na hastahili.

Jamaa mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa upande wa Kunduchi, kofia ya ukindu, miwani ya jua hata saa kumi na mbili jioni, anayekwambia "tunaondoka sasa hivi" halafu unakaa mpaka mtoto aliye tumboni anaota meno. Huyo huyo. Jina silitaji, nikilitaja nitatapika na hapa sebuleni kuna kapeti.

Leo nilikuwa na wageni. Si wageni wa mchezo, wakwe watarajiwa! Mchumba, mdogo wake, mama zake wadogo wawili kutoka Tabora ambao bahari walikuwa wanaiona kwenye kalenda, na mjomba mtu mzito, mzito wa cheo na mzito wa kilo. Nikasema niwapeleke kisiwani Mbudya wale samaki, wapige picha, wakirudi kwao waseme binti yetu kaangukia pazuri. Nikavaa suruali nyeupe. Hiyo suruali msiisahau.

Kwenda hakuna neno. Tumefika, boti imesimama kwenye maji ya kiunoni, maana kisiwa hakina gati, unashuka majini unatembea. Hapo jamaa akachomoa kingazi. Cha kukunja, kimelala chini ya benchi kama meza ya mama ntilie saa za mgambo. Akakiangika ubavuni mwa boti, akakikung'uta mara moja, kraa, kikafunguka. Akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka kununua ndege: "Mambo ya kisasa hayo. Hakuna kulowa."

Hakuna kulowa!

Mimi kama mwenyeji nikatangulia ili wageni waone ni salama. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, kingazi kikaanza kuingia chini ya boti, miguu inakwenda mbele, makalio yanabaki nyuma, kama mtu anayekalia kiti kilichokwisha kuondolewa. Ya tatu kikajikunja. Kimejikunja na mguu wangu ndani! Kimenibana juu ya kifundo kama mtego wa panya. Mguu mmoja kwenye ngazi, mmoja mchangani, mikono imeng'ang'ania ukingo wa boti, mgongo nimeutoa kama mtu anayesubiri sindano ya masaa.

Nikapiga kelele, "Kaka, nimebanwa!"

Mtu mwenye mama yake angefanya nini? Angeruka majini. Yeye akaniinamia, akanitazama, akaitazama foleni ya abiria, akanitazama tena. Akasema:

"Tulia hivyo hivyo, braza. Usitikisike. Watu washuke."

Washukie wapi? Juu yangu! Na wakashuka! Kijana mmoja wa begi akakanyaga bega. Aliyemfuata, mgongo. Jamaa anasimamia kabisa, anawapa mkono, "karibu mama, kanyaga hapo, hapo imara." Imara ni uti wa mgongo wangu huo, nimeulea tangu utotoni! Mama mdogo wa kwanza alivua kandambili kwanza, kwa heshima, akanikanyaga taratibu, akasema "asante baba." Wa pili hakuvua. Mjomba sisemi. Nikimfikiria mjomba kiuno kinalia chenyewe.

Usitikisike. Nimepanda bajaji kutoka Kunduchi naisikia masikioni. Umebanwa na chuma, wimbi linakuzaba makofi, suruali nyeupe imekuwa kioo, ukoo mzima unaokwenda kuutolea mahari unapita mgongoni kwako mmoja mmoja kama wanapanda Uluguru, halafu unaambiwa usitikisike. Kama mimi ndiye ninayewachelewesha!

Waliposhuka wote, pamoja na dumu la maji na deli la soda, ndipo akaja kunitoa. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki na bahari. Akakiokota kingazi, akakigeuza, akasikitika kama daktari, akasema, "Umeipinda bawaba. Elfu ishirini hiyo."

Na nikatoa. Ndiyo, nilitoa! Wakwe wanatazama, ningefanyaje?

Nimeshinda kisiwani na kiatu kimoja. Kurudi ni boti ile ile, mimi boti yangu sina. Nikakataa kingazi, nikapanda kwa tumbo kama kasa, ndiyo maana nimelowa. Mchumba hanisemeshi, ananitazama anacheka, anatazama simu anacheka. Mdogo wake alirekodi.

Nauliza, hawa watu hakuna wa kuwaangalia? Pini ya kile kingazi ilikuwa waya wa kufungia nondo. Nina uhakika, kwa sababu jicho langu lilikuwa sentimita tano kutoka kwenye ile bawaba, na muda wa kuichunguza nilikuwa nao mwingi, SI NILIAMBIWA NISITIKISIKE?

Nawasilisha.

---

Bamvua: Navuta kiti. Huu uzi utalala macho.

Dada wa Tabata: Nimefika kwenye "alivua kandambili kwanza, kwa heshima" nimemwaga chai kwenye shuka. Mama mdogo ana malezi. Oa haraka.

Kiroboto wa Tandale: Bila ile video hii ni chai ya maziwa. Mwambie shemeji mdogo aitupie hapa tujiridhishe.

Mchaga Mkimya: Suruali nyeupe. Baharini. Na wakwe. Mkuu, hata kingazi kilikuona ukija.

Nahodha Mstaafu: Kijana, shikamoo hukutoa ila nitakujibu. Ngazi ya ubavuni au ya tezi, yaani nyuma ya chombo, ni ya maji marefu, mtu aliyekuwa anaogelea apandie. Ufukweni chombo kinaingia omo, yaani mbele, kwanza, tezi nje, mashine inainuliwa. Ukigeuza tezi ndiyo ikae pwani, wimbi linakuingilia kwa nyuma na chombo kinajaa. Abiria anashukia omo, anakaa, ananing'iniza miguu, anajiachia. Basi. Suruali inakunjwa. Halafu hukuuliza maji. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, hapa Dar tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu. Ukifika maji yanatoka, chombo hakithubutu kusogea, kinakuacha mbali. Uliza maji kwanza, wakwe baadaye.

Kinyonga wa Tegeta: Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, lakini suala si maji. Suala ni USITIKISIKE. Bahari haikuniambia nisitikisike.

Nahodha Mstaafu: Marahaba. Na hukutakiwa kutikisika kweli, ungemwangusha mama mtu.

Kiroboto wa Tandale: Hahahaha mzee kapigilia msumari.

Fundi Bawaba: Mimi nachomelea mageti na madirisha Mbagala, ngazi za boti nimeshatengeneza kadhaa, niwaeleze. Kile kuingia chini ya boti ni kwa sababu hakina miguu ya kuegemea ubavu. Ngazi ya kuning'inia lazima iwe na vijiti viwili vifupi vyenye mpira, viisukume mbali na boti, la sivyo ukiweka uzito inakimbilia chini na wewe unabaki unahesabu mawingu. Pili, hatua ya mwisho izame ndani ya maji vizuri. Nyingi zinaishia juu juu, mtu aliye majini anatakiwa ainue goti mpaka kidevuni, nani ana goti hilo? Tatu, hiyo bawaba kama ni alumini na bolti ni ya chuma, ilikuwa maiti siku nyingi. Vyuma viwili tofauti kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inaliwa. Inaonekana nzima kwa nje, ndani unga. Na waya wa nondo ni tusi kwa mafundi wote. Njoo inboksi, natengeneza za stenlesi, pini nafunga na mnyororo isidondokee baharini.

Mchaga Mkimya: Kwa hiyo kalipa elfu ishirini kwa bawaba iliyokwisha kuliwa na chumvi? Mkuu Ngazi umepigwa.

Dada wa Tabata: Mkuu Ngazi! Jina limepatikana, wasimamizi mbadilishieni.

Kinyonga wa Tegeta: Jina langu ni Kinyonga. Tuheshimiane.

Bamvua: Sawa Mkuu Ngazi.

Mtu wa Forodhani: Nyinyi watu wa bara mna mambo yenu. Yakhe, mtu mzima anashuka chomboni kwa ngazi kana kwamba anashuka ghorofani? Sisi huku mtoto wa miaka mitano anaruka na kikapu cha dagaa kichwani.

Mchaga Mkimya: Huyo mtoto ana mama mkwe?

Pweza Mkavu: Ngojeni kwanza. Mimi nilikuwa kwenye boti hiyo. Mimi ndiye kijana wa begi. Kaka pole sana, bega lako kweli imara. Lakini sema yote. Jamaa alitaka tushukie omo, wewe ndiye uliyesema suruali italowa, ukaulizia ngazi. Na ulisema, nanukuu, "pisheni niwaonyeshe." Halafu mjomba hakukukanyaga, alibebwa na vijana wawili.

Kinyonga wa Tegeta: Alikanyaga! Alama ya soli ipo, mchumba kaipiga picha. Na wewe badala ya kuniomba radhi unaleta ushahidi?

Pweza Mkavu: Niliomba radhi pale pale, ila masikio yako yalikuwa chini ya maji.

Kiroboto wa Tandale: Uzi wa mwaka huu. VIDEO!

Mwalimu wa Zamu: Tuache utani. Kwa nini pasijengwe gati tu? Kiingilio si tunalipa?

Nahodha Mstaafu: Hapo ni hifadhi ya bahari tangu 1975, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Gati utaliegemeza wapi, juu ya matumbawe? Ukishayavunja, hao samaki mnaokwenda kuwala watazalia sebuleni kwako?

Mwalimu wa Zamu: Hata la mbao la kuelea, mzee.

Nahodha Mstaafu: Kusi ikivuma utalifuata Bagamoyo.

Mama Ntilie Mstaafu: Wanangu, mnalia ngazi, mimi kisiwani kilichonitoa machozi ni kachumbari. Nimeagiza changu mmoja na chipsi, samaki kaja saa mbili baadaye, sijasema kitu, najua moto wa mkaa. Bili inakuja, kachumbari imeandikwa peke yake na bei yake! Kachumbari! Nyanya mbili na kitunguu kilichokatwa na mtu mwenye hasira! Miaka kumi na tisa nimeuza wali Kariakoo, sijawahi kumlipisha binadamu kachumbari.

Dada wa Tabata: WANALIPISHA KACHUMBARI?

Bamvua: Hapana. Hili sasa ni kubwa.

Mchaga Mkimya: Mimi walinilipisha kivuli. Nimekaa chini ya kibanda dakika tano nimalize kufunga kamba za viatu, kaja kijana na risiti.

Kinyonga wa Tegeta: Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Mtu kanibana mguu.

Kiroboto wa Tandale: Usitikisike mkuu, watu wachangie.

Dada wa Tabata: Nakufa mimi jamani.

Mwalimu wa Zamu: Bajaji nazo. Kutoka barabarani mpaka ufukweni ni pua na mdomo, dereva anakutajia bei ya kwenda Chalinze. Ukimwambia shuka, anasema "mchanga unakula tairi." Mchanga unakula tairi!

Fundi Bawaba: Inboksi ipo wazi wakuu, ngazi mbili unapata punguzo. Natengeneza na majiko ya kuchomea samaki.

Mtu wa Forodhani: Kachumbari ni haki ya mlaji. Huku kwetu anayelipisha kachumbari hasalimiwi.

Mchaga Mkimya: Lakini tuwe wakweli, nyanya zimepanda.

Mama Ntilie Mstaafu: Nyanya zikipanda unapunguza nyanya, unaongeza kabichi. Hulipishi! Mwanangu usinichokoze.

Kinyonga wa Tegeta: Ile video imefika kwenye grupu la ukoo wa mchumba. Mjomba kaandika "kijana ana mgongo mzuri." Hii ina maana gani?

Pweza Mkavu: Kwani pilipili nayo wanauza?

Mama Ntilie Mstaafu: Pilipili bure. Ndimu mia tano.

Bamvua: NDIMU MIA TANO? Nusu au nzima?

Mama Ntilie Mstaafu: Nusu, baba.