Naomba ushauri: mama ana nyonga ya bandia na gego limeoza

Ndugu zangu wa Bukavu, nisaidieni. Mama aliwekewa nyonga ya bandia kule Kigali, anapanda vilima vya mtaa wetu wa Kadutu bila fimbo. Sasa gego la chini limeoza, ufizi umevimba, usiku halali.

Daktari mmoja wa meno amekataa kuling'oa mpaka ameze antibiotiki kwanza, eti vijidudu vya mdomoni vitapita kwenye damu hadi kwenye chuma cha nyonga. Mwingine anasema huo ni utaratibu wa zamani: tangu 2015 chama cha madaktari wa meno cha Marekani hakizipendekezi kwa kawaida kwa wenye viungo vya bandia. Amoksilini gramu 2 kabla ya kung'oa, anasema, ni ya wenye vali bandia za moyo.

Naelekea kumwamini wa pili (gego bovu lenyewe si ndilo hatari zaidi?), ila mama ana kisukari kisichotulia, na hapo ndipo ninaposita. Aliyempasua hapokei simu.

Kuna mwenye mzazi wa hali hii? Mlisubiri sukari ishuke kwanza, au mling'oa tu? Na ni karatasi gani za upasuaji nimpelekee daktari wa meno?