Mkanda wa taimingi ni mpya, gari halina nguvu: kosa liko kwenye mkanda au kwenye distribyuta?

Dereva wa Kabale
Salaam, wakuu. Nina Toyota Carina yenye injini ya 4A-FE. Tangu ibadilishiwe mkanda wa taimingi inawaka vizuri, lakini inatetemeka ikiwa imesimama, na milima ya huku iliyokuwa ikiipanda kwa gia ya tatu sasa inadai ya pili. Fundi aliizungusha distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) mpaka mtetemo ukapungua, ila nguvu haikurudi. Anasema mkanda mpya huchukua muda kuzoea. Je, ni kweli?

Fundi, Katwe
Ndugu yangu, mkanda huo hauna cha kuzoea: ama meno yamekaa mahali pake, ama hayakukaa. Hapo kuna taimingi mbili, yaani mipangilio miwili ya wakati. Ya valvu huwekwa na mkanda unaounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu). Ya cheche hurekebishwa kwa kuzungusha distribyuta. Kwa kuwa kwenye 4A-FE distribyuta huendeshwa na kamshafti yenyewe, mkanda ukikosewa jino moja, valvu na cheche hupotea pamoja, na jino moja kwenye krenki ni zaidi ya digrii 10. Fundi wako ameirudisha cheche tu, valvu zimebaki zilipo.

Toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi, kisha ufungue kifuniko cha valvu na cha juu cha mkanda. Zungusha krenki kwa spana, kwa mwelekeo wa saa, mpaka mfereji wa puli ya krenki ukutane na alama ya 0 kwenye kifuniko cha chini. Sasa chungulia kwenye tundu dogo la puli ya kamshafti: alama iliyochongwa kwenye kofia ya beringi nyuma yake inapaswa kuonekana katikati ya tundu. Ukilikuta tundu upande wa pili kabisa, ongeza mzunguko mmoja wa krenki, maana krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Likiwa limepishana kidogo tu na alama, umeupata ugonjwa.

Unapoufunga mkanda upya, upande usio na tenshena (puli inayoukaza mkanda) ukae umekazika, na ulegevu wote ubaki upande wa tenshena. Iachie springi ya tenshena ivute, zungusha krenki mizunguko miwili kamili, hakiki alama tena, ndipo ukaze boliti yake. Shukuru kwamba katika 4A-FE valvu hazigongi pistoni. Kwenye dizeli kosa kama hilo lingeweza kuharibu valvu.

Muuza spea, Kisekka
Nakubaliana na fundi, ila puli ya krenki yenye mpira katikati isiaminiwe kwa macho tu, kwani mpira ukichoka duara la nje huteleza na alama yake ikadanganya. Ithibitishe kwa alama ya gia ndogo ya krenki na ile ya bodi ya pampu ya oili.

Dereva wa Kabale
Asanteni sana. Tumefungua, na tundu lilikuwa limepitana na alama kwa jino moja. Mkanda umerudishwa sawa. Distribyuta iliyozungushwa niifanyeje?

Fundi, Katwe
Hiyo lazima ipangwe upya, la sivyo cheche haitakuwa mahali pake, na ikiwa imewahi mno injini itatoa mlio wa kugonga mlimani. Pasha injini moto, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa waya mfupi kwenye kisanduku cha uchunguzi, kisha kwa taa ya taimingi (inayomulika alama ya puli kila cheche inaporuka) weka cheche digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta. Kaza distribyuta, ndipo uondoe waya.