Tupeane uzoefu: majengo ya kale ya vijijini kwetu na namna tunavyoyatunza

Mwanzisha mada, Kilwa Kisiwani
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimekulia jirani na Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza katika karne ya 11, na kwa miaka mingi tulidhani kuwa kuyatunza magofu ni kazi ya Serikali peke yake. Mwaka 2004 Kilwa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, huku bahari ikiendelea kuula ufuko ulio chini ya Gereza, ile ngome ya kale. Mikoko ikapandwa, kuta zikakarabatiwa, na mwaka 2014 tukaondolewa katika orodha hiyo. Binafsi nilijifunza kuchoma chokaa: matumbawe hupangwa juu ya magogo na kuwashwa moto, yakiiva hunyunyiziwa maji, nayo hupasuka kwa mvuke mkali na kuwa unga mweupe unaolowekwa kabla ya kutumika. Naomba kila mmoja atueleze habari za jengo la kwao.

Mchangiaji, Kizimkazi Dimbani
Wa alaykum salaam. Msikiti wetu umeezekwa kwa bati, hata mgeni anaweza kuupita bila kuutambua, lakini kwenye ukuta wa kibla yamo maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Naamini umedumu kwa sababu tunaswali humo hadi leo. Paa likivuja usiku, alfajiri waumini wameshajua, na mchango huanza papo hapo.

Mchangiaji, Lamu
Shikamooni wakubwa zangu. Sisi tulikosea. Tulichangishana, tukazipiga lipu ya saruji kuta za madrasa yetu, ambazo ni za mawe ya matumbawe, tukidhani tunaziimarisha. Baada ya masika mawili chumvi ilichomoza kama unga, na ukigonga ukuta kwa kidole ulisikia uwazi nyuma ya lipu, kwa kuwa saruji huufungia ndani unyevu ambao chokaa huuachia utoke. Ilipobanduka ilishuka na vipande vya mawe yenyewe, na niliumia sana kuona kidaka cha ukutani alichokuwa akiwekea msahafu mwalimu wetu kimemeguka ukingo. Sasa tumekubaliana kuikwangua saruji yote. Ndugu wa Kilwa, hiyo chokaa nyinyi huiloweka kwa muda gani kabla ya kuipaka, na mchanga mnaochanganya ni wa ufukweni au wa bara?